Nangoja Ipoe

Jumamosi, 17 Agosti 1996

Injini nimepata, na ni ya dizeli. Ile ya petroli ya Morogoro sitaki hata kuisikia. Ingemaliza pesa yote kabla gari langu la kujiundia halijapata breki.

Nilikuwa na pesa ya magunia manane ya mpunga tu. Mzee wa Kisawasawa anayeuza injini ya mashine yake ya kukoboa alitaka ya kumi na mawili. Nikamwamkia, kisha nikaigusa injini. Ilikuwa ya moto. Alikuwa ameiwasha kabla sijafika, maana injini ikishapata moto inaficha ubovu wake.

"Washa tu, kijana."

"Nangoja ipoe, mzee."

Alinuna. Nilikaa pale mpaka saa saba. Ilipopoa tulizungusha hendeli mpaka mabega yakauma, ikatoa moshi mweupe tu. Nikajua ni nozeli chafu, kile kidude cha kunyunyizia dizeli. Sikusema, kwani na yeye hakusema. Akapokea ya manane.

Jioni nimesafisha nozeli, nikaijaribu kimyakimya. Ikaunguruma. Nikaizima, nikamwita mke wangu, Mama Tecla, aje aone mpunga wake ulikokwenda. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimeshamsimulia yote ya Kisawasawa.

Mama Tecla aliweka kiganja juu ya injini, akavuta kigoda, akakaa.

"Nangoja ipoe," akasema.

Tumengoja wote wawili. Ilipopoa, nimezungusha hendeli mara moja tu.

Sasa anauliza viti nitaweka lini.