Farasi wa Polycarp

Kilema, Moshi
9 Januari 1956

Dada Winifrida,

Shikamoo. Huku kwetu wazima, Celina na watoto wanakusalimu, na kahawa ya mwaka huu imetutoa kimasomaso. Kifua chako je, kimetulia? Joto la Dar es Salaam simtakii hata adui.

Nina kazi ya kukupa. Mwalimu Elisaria ameona tangazo gazetini kwamba Mgiriki mmoja mwenye mashamba ya mkonge, Bwana Aristides, anauza farasi wake jike. Yuko hapo Upanga, karibu na Kariakoo yako. Nenda ukamtazame. Nataka farasi wa kupanda kwenda kanisani.

Nasikia farasi ana mfunzaji, Mwarabu. Huyo usimpotezee mate. Mtu anayeshinda kwenye mavi ya farasi hana la kuniambia mimi. Zungumza na mwenye mali, uliza bei, ikatae, uliza tena. Si ndivyo mnavyofanya sokoni?

Mdogo wako,
Polycarp


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
2 Februari 1956

Mdogo wangu Polycarp,

Marahaba. Kifua kimepoa, kinachonichoma sasa ni barua yako. Wasalimu Celina na wanangu.

Huyo Mwarabu anaitwa Awadhi, na kila asubuhi hunywa chai hapa hotelini kwangu. Usidhani nataka kumsifu. Ana maringo ya kuudhi. Hufuta kiti kwa leso kabla ya kukaa, na chapati yangu huigeuza pande zote mbili kama anayetafuta kosa. Lakini kazi yake anaijua, na Aristides hauzi bila yeye.

Nilimwambia ndugu yangu anataka farasi. Akauliza, "Amewahi kuwa na farasi?"

Nikasema hujawahi kuwa hata na punda.

"Basi na aje na adabu," akasema, "maana hana kingine cha kuja nacho."

Nikamuuliza adabu yenyewe ni ipi. Kumbe unatuma habari kwanza, ukapangiwa siku, ukafika siku hiyo na si nyingine. Habari za farasi, tabia yake, anachokiogopa, unamuuliza mfunzaji. Bei unamuuliza mwenyewe, na humchongei mmoja kwa mwenzake. Mkono huupeleki mdomoni mwa farasi mpaka ukaribishwe. Karani mmoja Mzungu wa bandarini alimfunua farasi midomo hata salamu hajamaliza, akaonyeshwa lango. Na kama hukumpenda farasi, unasema siku hiyo hiyo na unashukuru, huwaachi watu wakikungoja.

Sioni gumu hapo. Mama alitufundisha magumu kuliko hayo kwa ajili ya kwenda kuomba moto kwa jirani. Ila nakujua. Ukipata senti mbili, masikio yako huziba.

Dada yako,
Winifrida


Kilema, Moshi
1 Machi 1956

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, mvua imeanza.

Umekaa mno na watu wa pwani, sasa unanifundisha kumbembeleza mlisha majani. Hujui ninachokiona huku. Kila Jumapili Bwana Kiko, yule mlowezi wa ng'ambo ya mto, hutupita njiani juu ya farasi wake, nasi tunarukia majanini na viatu vyetu tulivyovipiga rangi. Salamu hatoi. Hugusa kofia kwa padre tu. Nimechoka kula vumbi la mtu ambaye kahawa yake haifiki nusu ya yangu.

Nakuja mwenyewe baada ya Pasaka. Mwambie Mgiriki aandae karatasi za kuuziana.

Mdogo wako,
Polycarp


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
24 Aprili 1956

Polycarp,

Natumaini basi lilikufikisha salama, maana ulilipanda bila kuniaga. Mimi mzima. Nayaandika yote yaliyotokea kwa sababu najua Kilema utayasimulia kwa namna yako, na Celina anastahili kusikia kweli.

Awadhi alitupokea langoni, kanzu imepigwa pasi, akatuamkia wote wawili. Wewe ukavua koti ukamtwika mkononi kama msumari wa ukutani. Ukaenda moja kwa moja kwa farasi, ukamtia vidole mdomoni, ukamchoma tumbo kwa ncha ya mwavuli, ukasema ana kwato za mbuzi. Mnyama wa watu akarudi nyuma anatetemeka.

Barazani Bwana Aristides alikuwa ameagiza kahawa. Kabla haijamiminwa ukasema, "Huyu mtumishi aondoke, tuzungumze wenye mali."

Yule mzee akakujibu kwa Kiswahili kizuri kuliko chako, "Farasi nimemnunua mimi, lakini Awadhi ndiye aliyemfunza. Akiondoka yeye, mazungumzo nayo yameondoka."

Mtu mwingine angeomba radhi. Wewe ulinyanyuka ukamfuata Awadhi nyuma ya banda, ukamtaka aseme farasi anachechemea ili bei ishuke, nawe utamfikiria. Nilikuwa hatua chache nyuma yako, nikasikia yote, nikatamani ardhi inimeze. Yeye akalikunja koti lako vizuri, akalitundika juu ya ua, akasema, "Koti zuri hili. Litunze." Akatufungulia lango.

Njia nzima, mpaka tunakatiza uwanja wa Mnazi Mmoja, ulikuwa ukiwatukana Wagiriki na Waarabu kwa sauti, na watu wanageuka. Nilitembea nyuma yako kwa makusudi ili wasijue tumetoka tumbo moja.

Awadhi hajaja tena kunywa chai. Hayo maringo yake nilikuwa nimeyazoea.

Winifrida


Kilema, Moshi
20 Juni 1956

Dada,

Shikamoo. Tu wazima, Celina amejifungua mtoto wa kiume na tumemwita Tarsis, jina la babu.

Sikukujibu kwa sababu matusi ya hotelini hayajibiwi. Nakuandikia ujue kwamba farasi ninaye. Tena si kibovu cha Upanga. Nimemnunua wa Bwana Kiko mwenyewe, yule yule mweusi aliyekuwa akitutimulia vumbi. Sikumpigia mtu magoti. Nilituma fedha na mtu, farasi akaletwa. Mtunzaji wake alifuatana naye akitaka kunieleza mambo ya farasi, nikamwambia apitie jikoni apewe pombe ya mbege aende zake.

Siku ya Kupalizwa Bikira Maria nitakwenda naye kanisani. Mwambie hivyo huyo rafiki yako wa leso.

Mdogo wako,
Polycarp


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
11 Julai 1956

Polycarp,

Marahaba. Mungu amkuze Tarsis, nimemtumia kofia na kitambaa. Mpe Celina pole na hongera.

Kuhusu farasi nina swali moja. Bwana Kiko ameuza kwa nini? Mchagga mmoja mwenye duka hapa mtaani ametoka huko juzi, anasema mlowezi huyo amenunua motokaa. Basi amekuuzia vumbi lake la zamani, na jipya utalila Jumapili hizi hizi.

Farasi wa Upanga amechukuliwa na daktari wa Kihindi. Alikuja mara tatu kuzungumza na Awadhi kabla ya kutaja bei.

Dada yako,
Winifrida


Kilema, Moshi
28 Agosti 1956

Dada yangu Winifrida,

Shikamoo. Watoto wazima, Celina mzima. Mimi si mgonjwa, ila silali vizuri.

Najua habari zimekwisha kufika Kariakoo, kwa hiyo afadhali uzisikie kwangu. Siku ya sikukuu nilivaa suti, nikampanda farasi, nikatoka. Njia imejaa watu, akina mama na vitenge vyao, kwaya inaimba. Walinipisha, nami sikukataza. Tulipofika kwenye lango la Bwana Kiko, farasi akakata kona akaingia. Nikavuta hatamu. Nikampiga. Akaenda mpaka mbele ya ngazi za nyumba, akasimama kama amepigiliwa. Parokia nzima imesimama barabarani, kwaya imenyamaza.

Bwana Kiko akatoka na kandambili, povu la kunyolea shavuni. Alinong'ona jambo sikioni mwa farasi, akashika hatamu, akatuongoza mpaka barabarani, kisha mpaka kanisani, yeye kwa miguu, mimi juu. Watu wakapiga makofi. Mpaka leo wako wanaosema Polycarp ameshikiwa farasi na Mzungu, wakininunulia mbege kwa hilo. Lakini mlangoni pa kanisa alinitazama akasema polepole, "Yeye hakujui wewe." Akageuka kwenda kumalizia ndevu zake.

Misa sikuisikia. Nyumbani nilirudi kwa miguu, farasi nyuma yangu.

Yule mtunzaji wake wa zamani nilimwita. Alituma jibu kwamba mbege alikwisha kunywa. Sasa farasi hali vizuri, na nikimkaribia ananipa mgongo. Naomba umwone Awadhi. Kama atakubali kuja, nitampa chumba cha wageni, si banda. Na kama hataki kunisikia, basi hata neno moja la kuanzia.

Mdogo wako,
Polycarp


Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
19 Septemba 1956

Mdogo wangu Polycarp,

Marahaba. Mimi mzima, hoteli inakwenda.

Nilifunga mapema nikaenda Upanga. Nilimkuta Awadhi nyumbani kwa daktari, amehamia huko na farasi wake. Aliniacha nimesimama langoni mpaka alipomaliza kumsugua, na nilistahili, kwa kuwa nilikwenda kwa niaba yako. Kisha akaniletea kiti. Akakifuta.

Nikamsomea barua yako. Nilipofika pale pa povu la kunyolea alitazama pembeni, nadhani alikuwa anacheka. Kilema hatakuja. Anasema yeye hatibu watu. Nikamwambia umeomba japo neno moja la kuanzia.

Akaniuliza, "Huyo farasi anaitwa nani?"

Nikaisoma barua tena, na ile ya Juni niliyokuwa nayo mkobani. Farasi mweusi, farasi wa Bwana Kiko, farasi ninaye. Jina hukuandika. Nikamwambia labda umesahau. Akasema, "Hakusahau. Hakuuliza." Akarudi ndani.

Sasa nenda kwa Bwana Kiko. Siku ya kazi, si Jumapili, na si kwa kutuma mtu. Vua kofia ukiwa bado nje ya lango, upige hodi, na ukikaribishwa, uliza farasi wako anaitwa nani.

Dada yako,
Winifrida