Kibandiko cha USIZIME

Kaka,

Usishtuke kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mimi niliyejipa uwaziri wa mitambo hapa nyumbani. Kwenye simu ningebabaika. Nimepanga kila kitu: chaja zina droo yao, rimoti zina kikapu, na swichi zina vibandiko, maana Mama akipita huzima chochote kinachowaka. Cha intaneti nilikiandika USIZIME kwa wino mwekundu.

Juzi intaneti ikakatika. Kwenda kutazama, kibandiko hakipo. Mama amekibandua, amekibandika mgongoni mwa simu yake.

"Hii ndiyo isizimwe," akasema. "Mwanangu akipiga asinikose."

Anaingia nayo hata bafuni. Ameshaipeleka kwa fundi mara tatu, na kila mara fundi anamwambia, "Mama, simu yako ni nzima." Anarudi amenuna, eti fundi hajui kazi. Kukupigia yeye hataki; anasema mtoto ndiye humtafuta mama.

Fundi anajua kazi, Kaka. Namba yako niliizuia mimi kwenye simu yake, siku ile tulipogombana Mama ahamie kwako au abaki. Nilisema hasira zikiisha nitaifungua. Ni miezi minne sasa. Tangu juzi situlii. Nafuta meza niliyokwisha kuifuta, nachaji simu iliyojaa.

Leo asubuhi nimeifungua. Barua ikikufikia, piga. Mama akikuuliza mbona ulinyamaza, mwambie ukweli. Nitakuwa jikoni, nasikia.

Mdogo wako,
waziri aliyejiuzulu