Siki ya Bei Nusu

Zedekiah ndugu yangu, niko njiani natoka Westlands kwa miguu, hasira imenijaa.

Nimeitwa mwizi! Mimi!

Siki ilikuwa ofa kwa supamaketi, bei nusu. Nikafungua chupa nikaonja kidogo, vile kwetu Ukambani tunaonja asali kabla ya kununua. Soja, mlinzi wa mlangoni, akanishika mkono: "Mzee, unaiba!"

"Kijana, hii siki ni maji matupu. Onja."

Akacheka. Nikakataa kutoka. Meneja, mama anaitwa Namalwa, akaja akaonja. Akaonja tena!

"Mzee, tusamehe. Lakini siku nyingine usifungue."

"Nitafungua," nikamwambia.

Sasa nimefika nyumbani Satellite. Kabla sijaondoka dukani, soja alirudi mlangoni. Namalwa alitoa chupa zote kwa rafu. Siki sikuleta, kwa hivyo mke wangu Kaluki ametia kachumbari ndimu.