Mbegu Vumbini

Marahaba, mjukuu wangu Neema, mke mwenzangu. Huku Chamwino sote wazima, na Mzee Lazaro wangu anakusalimu. Jamani, mume, kwa umri huu! Kila asubuhi nashtuka kumwona, kisha nacheka peke yangu.

Umeniuliza kama sikuogopa kuolewa tena baada ya kumzika babu yako.

Nilipokuwa msichana, mwaka mmoja mvua ilichelewa mno. Mama alisali nasi, kisha akachukua kibuyu cha mbegu za uwele, chakula pekee kilichobaki nyumbani, akaenda kuzipanda kwenye vumbi. Nilipigwa na butwaa.

“Mama, mbona unazitupa? Hata wingu halipo!”

“Mvua nimeshamwomba Mungu,” akasema. “Ikija ikute mbegu kibuyuni, nitamwambia nini?”

Nikasogea nimsaidie, ndipo nikashtuka zaidi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka! Mama yangu, mwanamke wa sala vile, alikuwa anaogopa kama mimi. Lakini hakuacha kupanda, akinong'ona “Bwana, Bwana” kila shimo. Mvua ilikuja, mjukuu wangu, na tulivuna.

Basi siku ya ndoa, mbele ya mchungaji, mkono wangu ulitetemeka hadi wanakwaya wakaona. Lazaro akaninong'oneza, “Unaogopa, mpenzi?”

“Sana,” nikamjibu, ingawa nilikuwa nimesali wiki nzima. Nikasema “Bwana” moyoni, kisha nikakinyoosha kidole anivishe pete.

Bibi yako, mke wa Lazaro (napenda sana kuandika hivyo!)