Sindano ya Lumbesa

Mjukuu wangu Asha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Chilangala hatujambo. Mama yako mdogo kajifungua wa kiume, na mvua imetujazia tangi.

Unauliza kama ujiunge na chama cha wakulima wa mahindi huko Songea. Ujanani nilisifika kwa kushona lumbesa. Mnunuzi alitaka gunia lijazwe mpaka liote kichwa, kwa bei ile ile, nami nilikishona kichwa hicho vizuri, nikachekelea sifa zake. Nilipong'amua kuwa najipunja, nikashona gunia bapa. Akaliruka, akachukua ya jirani.

Ndipo tukaanzisha chama, tukakubaliana wote tushone bapa. Mnunuzi akafoka, "Nani kaanza ujinga huu?"

Kabla sijajibu, Mama Hadija, aliyenifuata kwenye foleni, akasema, "Mimi." Wa nyuma yake naye, "Mimi." Ikaenda hivyo mpaka gunia la mwisho. Mnunuzi akapakia yote, kanuna.

Mimi nilikuwa nacheka tu.

Sindano yangu ya magunia nimempa mjomba wako akuletee. Kashone bapa, na wenzako.

Bibi yako