Mguu wa Mama Mkwe

Jumanne

...na yule kamba wa baharini bado yumo kichwani mwangu. Binti yetu Zawadi, anayesomea mambo ya bahari, alinionyesha kwenye simu: kamba mdogo juu ya tumbawe anapunga sharubu zake nyeupe, samaki mkubwa anasogea, anapanua mdomo. Kamba anaingia, anamtoa wadudu wanaomnyonya, anatoka mzima. Samaki katulia kama amesinzia.

Mama mkwe alichomwa mwiba shambani jana, leo mguu umevimba. Mke wangu yuko Mombo. Nikamwambia mama mkwe nitautoa mwiba mimi.

"Unishike mguu, mkwe wangu? Watu watasemaje?" Akageukia ukutani.

Iliniudhi. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, najua, lakini mguu ukioza je?

Sikubishana. Nikapitisha sindano kwenye moto, nikakaa mlangoni, nikiigeuzageuza ing'ae. Mwanga wa jioni ulicheza ukutani, nikahisi kama tuko chini ya maji, yeye na mimi, mbali na watu wote wa Mashewa.

Mara akajifunika uso wote kwa kanga. Akaunyoosha mguu.

"Fanya upesi, Baba Zawadi," akasema. "Mimi sipo hapa."