Daktari Alitaka Kumuua Jembe

Safiya uko wapi?? Leo shangazi Limi nusura ampige mtu hapa Didia!

Yule anayejiita daktari wa mifugo kaitwa amtazame Jembe, mbwa wa zizini, maana anachechemea. Kamwangalia akiwa amelala tu. AMELALA, Safiya! Kasema, "Nyonga ya nyuma ya kushoto imekwisha. Tumchome sindano afe."

Afe!! Na dawa kashaivuta kwenye sindano.

Shangazi kamwambia, "Kwanza mkimbize umwone." Mwanaume kacheka. "Mayu, mama yangu, kwani wewe umesomea mbwa?"

Shangazi kashika kamba, kamkimbiza Jembe mwenyewe, mchakamchaka. Kwa mwendo huo mguu wa mbele wa kulia hutua pamoja na wa nyuma wa kushoto. Basi kila ikitua hiyo miwili, Jembe ananyanyua kichwa juu!

"Unaona? Anaupunguzia uzito mguu wa MBELE! Ingekuwa nyonga, angeinamisha kichwa! Nyonga haina kosa!"

Kauinua ule mguu. Mwiba wa mgunga, umezama kati ya vidole.

Jamaa eti, "Hata mimi ningefika huko."

Shangazi kamjibu, "Ungefika, mbwa wangu keshazikwa!" Kamnyang'anya sindano, kaitumbukiza chooni, kamwonyesha njia.